Ukipewa Mimbari, Usianzie 1978

Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hatuna mhubiri wa kudumu kwenye kata, yaani usharika wa mahali. Askofu, yaani kiongozi wa kata, au mshauri wake humwendea muumini wa kawaida, awe fundi, mwalimu, mama wa watoto wadogo au kijana wa sekondari, akamwomba azungumze kwenye mkutano wa sakramenti, ibada yetu ya Jumapili. Unapewa mada na dakika zako kumi au kumi na tano, basi. Naupenda utaratibu huu. Lakini siku utakapopewa mada ya ukuhani, au ya manabii walio hai, utasimama mbele ya watu wanaojua, au watakaojua jioni ile ile kupitia simu zao, kwamba tangu 1852 hadi 1978 wanaume weusi wenye asili ya Afrika walinyimwa ukuhani katika Kanisa hili, na weusi wote, wake kwa waume, wakazuiwa kupokea endaomenti (ibada ya hekaluni ya kufanya maagano na Mungu) na kuunganishwa hekaluni kama familia ya milele. Utafanya nini?

Wengi niliowasikia huanzia 1978. Husimulia jinsi Spencer W. Kimball, Rais wa Kanisa wakati huo, alivyomlilia Mungu hekaluni, jinsi ufunuo wa kuondoa katazo ulivyokuja mwezi wa Juni, na furaha iliyofuata. Ni habari njema na naiamini kwa moyo wangu wote. Ila ikisimuliwa peke yake humwacha msikilizaji na swali: kama mlango ulifunguliwa, nani aliufunga, na kwa nini?

Msemaji asipoligusa, watu hujijibu wenyewe, na majibu yaliyo karibu ni yale ya zamani: laana ya Kaini, laana ya Hamu, kwamba roho za watu weusi hazikuwa shujaa kabla ya kuzaliwa. Hapo ndipo ninapoumia kweli. Desemba 2013 Kanisa lenyewe lilichapisha kwenye tovuti yake insha kuhusu rangi na ukuhani, na likazikana nadharia hizo bila kuzunguka. Ngozi nyeusi si alama ya laana wala ya kosa lolote la maisha yaliyotangulia. Ndoa ya watu wa rangi tofauti si dhambi. Hakuna rangi iliyo chini ya nyingine. Anayezirudia nadharia hizo mimbarini leo, hata kwa nia njema ya kulitetea Kanisa, anafundisha kitu ambacho Kanisa limekikataa, na anamfundishia mtoto mweusi aliyeketi mbele yake.

Mimi ningeanzia 1836, huko Kirtland, Ohio. Mwaka ule Elijah Abel, mtu mweusi, alitawazwa kuwa mzee, kisha akawa mmoja wa Sabini (zote ni ofisi za ukuhani), Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, akiwa hai. Seremala huyu alihudumu misheni, akabatizwa kwa niaba ya wafu kule Nauvoo, Illinois, akafanya kazi kwenye ujenzi wa hekalu. Halafu 1852, Brigham Young, aliyemrithi Joseph kuliongoza Kanisa na wakati huo akiwa gavana wa Utah, akatangaza kwamba wanaume weusi wenye asili ya Afrika wasitawazwe tena. Bunge la Utah mwaka huo huo lilipitisha sheria iliyoruhusu kumiliki watumwa. Ukiyataja haya mawili pamoja, msikilizaji anaona mwenyewe hewa ambayo viongozi wale walikuwa wakiivuta. Abel aliomba baraka za hekalu akakataliwa. Hata hivyo alikwenda misheni nyingine uzeeni na akafa Desemba 1884, muda mfupi baada ya kurudi.

Na kuna Jane Manning James, mwanamke mweusi. Laiti kila muumini angemjua! Mwaka 1843 aliondoka Connecticut na ndugu zake kwenda Nauvoo. Huko Buffalo wakakwama, hawakuweza kuendelea kwa meli, wakatembea kwa miguu njia iliyobaki, mamia ya maili. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba viatu viliisha, nyayo zikapasuka na kuvuja damu mpaka alama ya mguu mzima ikaonekana ardhini. Wakasimama wakaomba, na miguu ikapona. Mwanamke huyu aliomba endaomenti mara nyingi, akinyimwa kila mara. Mwaka 1894 viongozi walikubali aunganishwe na familia ya Joseph Smith kama mtumishi, na hata ibada hiyo ilifanywa na mwanamke mwingine kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kuwamo. Alikufa 1908 akiwa muumini. Endaomenti yake ilifanywa 1979.

Hayo yote yanasemeka kwa dakika tano. Baada yake ile Juni ya 1978 inakuwa na uzito wake halisi, kwa sababu sasa kuna watu waliokuwa wakiingoja.

Najua pingamizi lake. Mkutano wa sakramenti ni wa kumkumbuka Mwokozi na kujenga imani, wageni wapo, watoto wapo, maziwa yatangulie nyama. Nalichukulia kwa uzito. Lakini maandiko yetu yenyewe hayaogopi. Biblia haikumficha Daudi na mke wa Uria, wala Petro na jogoo wake. Sehemu ya 3 ya Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha mafunuo, ni Bwana akimkemea Joseph Smith baada ya kurasa 116 za tafsiri ya Kitabu cha Mormoni kupotea 1828, na Joseph ndiye aliyeyaandika maneno yale na kuyachapisha. Tunaisoma kila inapofika zamu yake na hakuna anayepoteza imani. Mwaka 2013 Dieter F. Uchtdorf, akiwa katika Urais wa Kwanza, baraza la juu kabisa la Kanisa, alisema kwenye Mkutano Mkuu kwamba viongozi wa Kanisa nao wamewahi kukosea.

Si kila jambo linafaa mimbari, hilo nakubali. Kwenye Shule ya Jumapili mtu huinua mkono akauliza. Kwenye sakramenti husikiliza tu, na swali lake hurudi nalo nyumbani. Ndoa za wake wengi, kwa mfano, tangu ufunuo ulioandikwa 1843 hadi Manifesto ya 1890, tangazo la kuziacha, na mengine yaliyofuata, mimi ningeziacha darasani kwenye muda wa kutosha. Msemaji achague jambo moja, alisome kwenye machapisho ya Kanisa, na amwambie askofu mapema anachokusudia kusema. Askofu asishtukizwe akiwa amekaa nyuma ya mimbari.

Na ukifika kwenye "kwa nini", sema hujui, kama kweli hujui. Ufunuo wa kuanzisha katazo lile haujapatikana popote, na Kanisa halidai kuwa nao. Usilijaze pengo hilo kwa hekima yako. Toa ushuhuda wako juu ya Kristo baada ya hapo, pasipo kuutumia kufunika maumivu uliyotoka kuyataja. Kisha mkutano ukiisha usikimbilie gari. Baki ukumbini, maana wapo watakaotaka kuuliza, na wengine watataka tu kukwambia kwamba wamelibeba jambo hili miaka mingi bila kumwambia mtu kanisani.