Lugha wanazo, ila hazihesabiwi
Eti wanafunzi wengi huingia chuo kikuu "bila lugha ya kutosha", ndiyo maana mwaka wa kwanza wanasomeshwa stadi za mawasiliano. Lugha ipi? Kama ni Kiingereza, sibishi, kinawasumbua kweli. Lakini mpwa wangu wa hapa Muheza, anayesomea uuguzi, anaongea Kibondei na Kisambaa, Kiswahili ndicho usiseme, na herufi za Kiarabu alizipata madrasa kabla hajaanza darasa la kwanza. Akiwa mazoezini hospitalini, aliletwa bibi kutoka Mlalo, Kiswahili chake cha kuungaunga. Daktari kauliza weee, bibi anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Binti akainama, akamsemesha Kisambaa, ikabainika bibi anameza vidonge vya asubuhi na vya jioni kwa mkupuo mmoja! Kwenye ripoti ya mazoezi hakuna hata mstari wa kuandika hilo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, humpima fundi aliyejifunzia gereji ya mtaani, akifaulu anapewa cheti, na hakuna anayemwambia arudi kuanza moja. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, tangu 2014 kinawataka wanaoanza shahada bila kujua Kizulu wajifunze lugha hiyo. Sisi muuguzi anayekuja na lugha ya wagonjwa wake tunamwita dhaifu (halafu tunaandaa semina za "mawasiliano na jamii", na posho juu). Wenzangu wa Lushoto, Handeni, Mkinga, kuna aliyewahi kuulizwa kwenye fomu ya udahili anajua lugha zipi?