Kuchimba chini au kurefusha mikono?

Pwani yetu na mashimo meusi, vile vitu vizito vya angani visivyoachia hata mwanga utoke, si wageni. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na vipimo vyake vya eksirei vikasaidia kulitambua shimo jeusi la Cygnus X-1. Siku hizi mashimo hayo hunaswa pia kwa mawimbi ya uvutano, yanayorefusha na kufupisha umbali kidogo mno yanapopita; ya kwanza yalinaswa Septemba 2015 na LIGO ya Marekani, kifaa chenye mikono ya kilomita 4, yaani mabomba yenye vioo ambavyo umbali kati yake hupimwa kwa leza.

Mabishano sasa ni juu ya vifaa vijavyo. Ulaya inataka Einstein Telescope, izikwe mita 200 hadi 300 ardhini. Wamarekani wanapendekeza Cosmic Explorer, juu ya ardhi, mkono mmoja kilomita 40: toka kisiwani hapa Mombasa hadi kupita Mariakani, bomba lisilo na hewa ndani.

Hoja ya kuchimba mtu wa Mombasa ataielewa upesi. Kusi ikivuma na bahari ikaupiga mwamba wa Nyali, ardhi hutikisika polepole, kila baada ya sekunde chache, na mtikisiko hufika mbali bara. Huo huwasumbua mafundi kukiweka kifaa sawa, ila kuna ulio mbaya zaidi: ule wa kasi, wa malori na upepo. Udongo ukisogea, uvutano wake hukivuta kioo moja kwa moja, hata ukitundike kwa ustadi gani. Hakuna ukuta wa kuzuia uvutano. Ukishuka chini, angalau mtikisiko unapungua.

Lakini Ulaya inataka pia vioo vya silikoni vilivyopozwa hadi karibu nyuzi 260 chini ya sifuri, na mitambo ya kupoza nayo hutetemesha. KAGRA ya Japani, iliyo ndani ya mlima na yenye vioo baridi vya yakuti, ilianza kazi 2020 na bado iko nyuma sana ya LIGO. Maji ya mlimani pekee yaliwatoa jasho.

Kurefusha ni rahisi zaidi kukadiria. Mkono ukizidi mara kumi, badiliko la urefu nalo huzidi mara kumi, ilhali mtetemo wa kioo chenyewe hauzidi. Tatizo ni dunia kuwa mviringo: mstari ulionyooka wa kilomita 40, katikati yake, hupita kama mita 30 chini ya ardhi iliyo usawa na ncha zake, kwa hiyo kuchimba hukuepuki, labda upate bonde linalofaa.

Mimi ningeanza na urefu, kwa kuwa vioo vyake mafundi wanavijua tayari. Ila mashimo meusi mazito zaidi hutoa mawimbi ya masafa ya chini kabisa, na hayo hufunikwa na mitikisiko ya juu ya ardhi, kwa hiyo Wamarekani watayakosa mengi.