Furu wapewe majina, ila ukoo wao ubaki mmoja

Naanza na msimamo wangu ili anayetaka kununa anune mapema: furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ningewaacha wote kwenye jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za ukoo wa karibu, Haplochromis. Najua gharama yake. Tutapoteza jenasi ya Pundamilia, jina la Kiswahili lililoingia kwenye vitabu vya sayansi kwa mlango wa mbele, na kumwambia mtu wa Mwanza aachane nalo ni kujitafutia ugomvi. Lakini hata Haplochromis ni la kwetu. Hilgendorf alipolianzisha kule Berlin mwaka 1888, samaki aliokuwa nao mezani walikuwa wametoka ziwa hili hili, wamekusanywa na Gustav Fischer.

Ugomvi wenyewe ni wa siku nyingi. Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Jinja, Uganda, kabla ya kuhamia jumba la makumbusho la London, aliwapasua furu katika jenasi nyingi kwenye maandishi yake ya 1979 na 1980. Alifuata mifupa ya fuvu na meno. Wenzake kadhaa wa Leiden, Uholanzi, hawakumfuata. Mwaka 1998 mtafiti Ole Seehausen na wenzake wakaja na majina mapya ya furu wa mawe, yakiwemo Pundamilia na Mbipia, hili la pili likitokana na mbipi, jina ambalo wenyeji wa kusini mwa ziwa huwaita furu hao. Ndiyo maana leo samaki mmoja utamkuta Haplochromis nyererei kwenye makala moja na Pundamilia nyererei kwenye nyingine, na wote wawili walioandika wana digrii.

Huyo nyererei ni kweli amepewa jina la Mwalimu, mwaka 1985. Huko Ulaya wanamfuga sebuleni. Hapa Kirumba, Mwanza, sijakutana na mtu anayelijua hilo.

Sasa hoja yangu. Nenda Mwaloni, soko letu la samaki, chukua fungu la furu wabichi, wapasue koo. Nyuma kabisa ya mdomo, mbele ya umio, kuna taya la pili lenye meno yake. Mmoja atakuwa na meno membamba yaliyosongamana kama nywele za mswaki, huyo anakula vitu laini. Mwingine, tena wa ukubwa ule ule, ana meno manene, bapa, na mfupa mzito chini yake; huyo anavunja konokono. Ukiwaona hivyo unaelewa kabisa kwa nini Greenwood alisema hawa si wa nyumba moja. Mama aliyeniuzia alinitazama nikiwapanga juu ya gazeti, akasema, "Baba, furu ni furu tu, kaanga ule."

Kwa upande wa ukoo, mama yule yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhani. Greenwood mwenyewe alionyesha miaka ya 1960 kwamba Astatoreochromis alluaudi, jamaa wa karibu wa furu na mvunja konokono hodari, akikulia mahali pasipo na konokono taya lake hilo linakuwa jembamba. Na meno hayo yamebadilika haraka ajabu. Ziwa hili linaaminika lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, na ndani ya muda huo zikazaliwa spishi zinazokadiriwa kuwa 500 na ushee. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2017 ulionyesha kwamba asili yao ni mchanganyiko wa furu wa upande wa Nile ya juu na wa upande wa Kongo, na tangu hapo wamekuwa wakichanganya na kupanga upya urithi ule ule. Ukiwagawa kwa jenasi kwa kufuata meno, umewagawa kwa kitu kinachobadilika upesi kuliko vyote.

Hapo ndipo ninapoachana na yule mama. Spishi ni suala jingine kabisa, na huko ninataka majina, mengi, na upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyavu za kukokota chini zilionyesha kwamba furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Furu wa tope, wala masalia, wanyonya mayai kutoka midomoni mwa majike wa furu wengine wanaoyaatamia humo, wote hao. Mwaka 1977 timu ya Leiden ya kuchunguza ikolojia ya furu, HEST, ilianza kazi Ghuba ya Mwanza, Frans Witte akiwa mmojawapo. Kila kokoro lilipopanda lilikuwa na samaki wasio na jina, wakawapa majina ya muda ili kazi iende. Kisha sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akafurika kwenye ghuba katika miaka ya 1980. Ilikadiriwa baadaye kwamba spishi kama 200 za furu zilikuwa zimetoweka.

Mengi ya majina yale ya muda bado yako ndani ya alama za kunukuu mpaka leo. Argens, furu mdogo anayeng'aa kama fedha, alisubiri hadi 2013 kupata jina rasmi, na aliyeelezwa ni samaki wa kwenye chupa. Wakati huo huo takwimu za mavuno ya ziwa zinawaweka wote kwenye mstari mmoja: furu. Spishi moja ikifa, mstari huo hautikisiki. Mtego ukiwekwa sheria, sheria itamlinda nani?

Na chupa zenyewe ziko Leiden na London. Kanuni ya majina inataka kila spishi iwe na kielelezo, samaki mmoja aliyehifadhiwa ambaye jina limefungwa kwake. Mwanafunzi wa Nyegezi anayetaka kumlinganisha furu aliyemvua asubuhi na kielelezo chake, anahitaji viza. Nawashukuru Waholanzi kwa kuwatunza, maana bila wao tusingekuwa na hata hiyo chupa. Wamewaenzi pia wataalamu wetu: kuna katunzii na bwathondii, wote wa 2010, majina ya watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania. Lakini heshima ya jina haimpunguzii mwanafunzi nauli.

Kazi bado ipo tena ni ya karibu. Kisiwa cha Makobe, Ghuba ya Speke, maji ni maangavu. Nyererei dume mwenye mgongo mwekundu anakaa chini zaidi, pundamilia wa bluu anakaa juu, na jike anamchagua dume wake kwa rangi. (Jina lake kamili kwa mfumo wa Seehausen ni Pundamilia pundamilia, kama mtu aitwaye Masanja Masanja.) Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza maji yanachafuka, rangi hazionekani vizuri, na sehemu nyingine wawili hao wamekuwa mmoja. Seehausen aliliandika hilo mwaka 1997.

Lakini visiwa vya Python, humo humo ghubani, vina kisa kingine. Wapo wekundu na wapo wa bluu, ungeapa ni wale wale wa Makobe. Vinasaba vinasema hapana: ni mchanganyiko uliojigawa upya hapo hapo, wekundu wakatokea mara ya pili. Watafiti kwa sasa wanamwita "anayefanana na nyererei", jina la muda jingine. Huyo ndiye ningeanza naye. Aelezwe na mtu wa hapa, aitwe Haplochromis fulani, na kielelezo chake kikae Mwanza, kwenye kabati ambalo mwanafunzi analifikia kwa daladala.