Faili kutoka kwa usiyemjua

Wanafunzi wengi hapa Moshi wanaotaka Ubuntu, faili la GB 5 na ushee lenye mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, hulipata kwa flashi ya rafiki au kwa torenti, yaani kwa kuvuta vipande vyake kutoka kompyuta za watu wengine walio nalo. Wapo wanaosema torenti ni kujitafutia virusi. Hapo wanaionea. Tangu Bram Cohen aitoe BitTorrent, mfumo unaoendesha torenti, mwaka 2001, kila kipande cha faili hukaguliwa kikifika kwa hashi, alama fupi inayokokotolewa kutokana na data yenyewe; kisipolingana kinatupwa na kuombwa upya. Flashi haikagui kitu. Ikinakili vibaya, utajua siku ya kuinstoli.

Ila hashi inathibitisha tu kwamba ulichopokea ndicho kilichotangazwa. Aliyetangaza akiwa tapeli, utapeli wake utakufikia mzima, bila kipande kupungua.

Ndiyo maana wengine wanataka wanaogawana mafaili wapewe alama za uaminifu. Watafiti wa Stanford walipendekeza mfumo wa alama hizo, EigenTrust, mwaka 2003: neno la mwenye sifa njema liwe na uzito zaidi. Kwa mtu aliyekulia kwenye ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro hilo halina ugeni, maana mwanachama hathubutu kuchanganya kahawa mbovu akijua atatajwa. Lakini ushirika unamjua kwa sura, na kihamba chake, shamba lake la nyumbani, unakijua. Mtandaoni mtu mmoja hufungua majina elfu moja, yote yakamsifu. Mtafiti John Douceur alionya hivyo mwaka 2002, na EigenTrust yenyewe inaegemea washiriki wachache walioaminiwa tangu mwanzo.

Kwangu mimi, mzigo uwekwe kwenye chanzo. Hashi ichukuliwe kwenye tovuti ya Ubuntu, saini yake ya kidijitali, inayoonyesha kwamba ni ya Ubuntu kweli, ihakikiwe, halafu vipande vitoke kwa yeyote, hata tapeli.

Hilo halimsaidii aliyekwama asilimia 97 kwa sababu wenye faili zima wamezima mashine. Lawama hii, kwamba watu huchukua bila kugawa, ni ya zamani: mwaka 2000, Adar na Huberman walikuta karibu asilimia 70 ya watumiaji wa Gnutella, mtandao wa kugawana mafaili wa enzi hizo, hawagawi chochote. Wachoyo? Labda huko kwao. Kwetu kupakia, yaani kuwatumia wengine vipande, nako kunakula bando, na anayefunga programu akishamaliza analinda hela yake ya kesho. Afadhali chuo chenye intaneti ya kulipia kwa mwezi kiache kompyuta moja ikigawa usiku na mchana. Msimamizi wa maabara atahofia sinema za wizi kupitia humo, na ana haki. Basi mashine hiyo igawe mafaili aliyoyapitisha yeye tu. Hata matano yanatosha kuanzia.