Favori zangu na kitanda ya mama

Nani alidanganya watu kwamba ukibonyeza kale kamoyo chini ya picha, basi picha imechungwa kwa favori zako? Imetupwa shimoni, njo ukweli. Mimi ni fundi wa mbao hapa Goma, mtu wa heshima, nina atelie yangu na kibao kwa mlango, na nimebonyeza tumoyo siku nyingi sana kwa site moja ya picha: vitanda, milango, makabati, viti vya salo. Folda hakuna. Vyote vinaingia fungu moja, cha leo juu, cha zamani chini kabisa, na kabla ufike kule chini mega za intaneti zimeisha.

Sasa leo anaingia mama mmoja wa Himbi, binti yake anaolewa. "Fundi, ile kitanda ulinionyeshaka iko wapi?" Nikamwambia Mama, ikala, dakika moja tu. Dakika moja!

Kule picha inatafutwa kwa tagi, vile vijineno watu wanabandika, Kiingereza tupu, na maneno yakiwa mawili lazima uyashone na mstari wa chini, ukiusahau unaletewa habari nyingine. Nikaandika kitanda kwa Kiingereza chao. Paka. Paka juu ya kitanda. Paka mwingine. Mgonjwa. Kijana anapiga gita. Kwa sababu mwenye kubandika anabandika kila kitu anachoona ndani ya picha, hata kama kitanda chenyewe umeonekana mguu mmoja tu.

Mama ananichungulia kwa bega. "Fundi, njo paka utatuuzia?"

Nikaongeza mbao, ikakubali. Mama anataka na droo chini. Nikaongeza droo, site ikagoma: asiyelipa ana haki ya tagi mbili tu kwa mara moja, ya tatu toa kadi ya benki, kadi gani, mimi nalipwa nusu leo na nusu siku ya harusi ikifika, kama inafika. Nikatoa mbao, nikaacha droo, vikaja vitanda vya chuma vya hospitali. Nikatoa na droo, paka wakarudi, nikaweka ile alama ya kutoa mbele ya paka, maana hiyo inafukuza, na kweli paka wakaenda wote, wakabaki mbwa.

"Haiko ile."

"Na hii je, Mama?"

"Yangu ilikuwa na maua kwa kichwa."

"Maua ulisema lini?"

"Jana."

"Jana hukukuja, Mama!"

Akanuna. Shemeji yake naye akatokea huko, hata hatukumwita, akasema jaribu kwa rangi. Kwa rangi! Mbao ya libuyu iko na rangi ngapi? Hapo rezo ya telefone ikaenda zake, tukabaki watatu tunaangalia kale kaduara kanazunguka, na mama anasema kwa fundi wa kule kartie ya Majengo kitanda unaichagulia kwa ukuta.

Apranti wangu, kijana ninayemfundisha kazi, yeye favori zake zote ameziandikia tagi moja: muzuri.

Mtoto wa dada yangu, mwenye kusoma, ananieleza eti mambo ya tagi yalipata umaarufu na Delicious, site ya kuchunga link kule Marekani, 2003, halafu Flickr, ya picha, ya Kanada ikafuata 2004. 2003! Sisi tulikuwa tungali tunavunja mawe ya volkano Nyiragongo ya 2002 tujenge juu yake, wenzetu wanabandika vijineno kwa picha za paka.

Kumaliza yote telefone ikazima. Nikaipeleka kwa yule wa kuchaji, naye anabandika vinamba kwa karatasi, karatasi inadondoka anairudishia popote, jioni nafika nyumbani niko na telefone ya mtu. Haina hata kodi ya kufungulia. Picha ni ng'ombe tupu, ng'ombe wa Masisi, na mwenyewe amewapanga vizuri, madume huku, wenye kukamuliwa kule, ndama peke yao. Ananipigia kila saa anataka telefone yake. Nimemwambia itakuja, ila kwanza aniambie yule mweupe wa pembe ndefu anamtoa kwa bei gani.