Pakiti ya lita moja haiwekwi kwenye chupa ya nusu lita

Hapa Tanga mtoto akianza kuharisha, wengi wetu tunajua pa kukimbilia: duka la dawa la mtaani, pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji), kisha nyumbani. Hilo ni jema sana. Linaloniumiza ni hatua inayofuata. Pakiti inamiminwa kwenye chombo chochote kilicho karibu, mara nyingi chupa tupu ya maji ya dukani. Chupa hizo zipo za nusu lita, za lita moja na zile kubwa za lita moja na nusu, ilhali pakiti nyingi zimetengenezwa kwa lita moja kamili. Zipo pia za nusu lita na za mililita 200, ndiyo maana maandishi ya pakiti lazima yasomwe kabla ya kuichana.

Jirani yangu wa Ngamiani, bibi anayelea mjukuu, alichanganya pakiti ya lita moja kwenye chupa ya nusu lita. Nilipomuuliza kipimo akanijibu, "Nimeyaonja mwanangu, yamekolea." Kwenye mchuzi ulimi wa bibi yule haukosei. ORS haipimwi kwa ulimi.

Sababu iko tumboni. Utumbo wa mtoto anayeharisha bado unaweza kufyonza chumvi ikiwa imeandamana na sukari ya glukosi kwa uwiano wake, na vikishapita hivyo viwili, maji yanafuata. Kanuni inayotumika sasa, ambayo Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliipitisha mwaka 2002 baada ya kupunguza chumvi na sukari ya ile ya zamani, ni gramu 2.6 za chumvi na gramu 13.5 za glukosi kwa lita, pamoja na potasiamu na sitrati. Ukitia pakiti hiyo kwenye nusu lita, chumvi inakuwa maradufu na kupita kiasi kilichomo kwenye damu ya mtoto. Mtoto mchanga figo zake bado changa, haziwezi kuitoa haraka. Atashikwa na kiu kali, atahangaika, na chumvi ikizidi sana damuni anaweza kupata degedege na hata kufa. Kwenye lita moja na nusu kosa ni la upande wa pili: maji ni mepesi, chumvi aliyoipoteza hairudi.

Kwa hiyo, kwa pakiti ya lita moja, maji yawe lita moja, yamechemshwa na kupoa, ndipo unga uingie. Usichemshe tena baada ya kuchanganya. Usiongeze sukari wala juisi ili mtoto apende. Yakibaki baada ya saa 24, mwaga.

Namna ya kunywesha nayo ina maana. Mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi, kijiko cha chai kila dakika moja au mbili, si kugugumia kikombe. Akitapika, subirini dakika kumi, kisha mwanze tena polepole zaidi. Ziwa lisikatwe hata kidogo. Na ombeni vidonge vya zinki, vya siku 10 hadi 14.

Wapo wanaoiacha ORS siku ya pili kwa kuwa "haijakata". Kazi yake haikuwa kukata kuharisha. Inarudisha maji yaliyopotea huku tumbo likipona lenyewe. Soda usimpe, sukari yake nyingi huvuta maji kuyaingiza utumboni. Dafu, tunalolipenda sana huku pwani, lina potasiamu tele lakini chumvi yake ni ndogo mno. Mpe kama nyongeza, lisishike nafasi ya ORS.

Na utosi. Nyumba nyingi za huku utosi ukibonyea unatafutiwa dawa ya kupaka. Utosi umebonyea kwa sababu maji mwilini yamepungua. Ukiuona hivyo, au macho yamezama, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu, au mtoto amelegea, hawezi kunywa, au choo kina damu, nenda hospitali sasa hivi, huku ukimpa vijiko njiani kama anameza. Mtoto wa chini ya miezi miwili asingojewe dalili hizo, apelekwe mara tu anapoanza.

Ninachowaomba wauza dawa wa Tanga ni swali moja kabla ya kupokea hela: "Nyumbani una chupa ya kiasi gani?" Na kliniki za watoto, akina mama wanaposubiri zamu ya mizani, pakiti moja ichanganywe mbele yao, kila mmoja ashike chupa kwa mkono wake aone lita moja inaishia wapi.