Super Deltic haikuuawa na woga

Wapenzi wa treni za Uingereza wana kidonda chao kimoja hakiponi, kinaitwa Super Deltic. Lilikuwa wazo la kampuni ya English Electric miaka ya 60, kichwa cha dizeli chenye injini mbili za Napier Deltic zilizowekewa turbo, nguvu za farasi kama 4,400 kwenye kichwa kimoja, kazi yake kuvuta abiria kwa spidi kubwa kuliko yoyote iliyokuwepo kwenye njia zao. Kikaishia kwenye michoro. Na tangu hapo stori ni ileile, British Rail, shirika la reli la taifa, waliogopa, wakakataa mashine ya kiume wakachukua treni ya plastiki yenye vichwa viwili. Mimi naona waliokataa wanaonewa sana, ila tuanze na wanaolia maana hawalii bure.

Deltic ya kawaida, hiyo iliyojengwa kweli, ilikuwa kitu kingine kabisa. Vilijengwa vichwa 22 tu, mwaka 1961 na 1962, vikachukua kazi ya mashine 55 za mvuke kwenye njia ya London kwenda Edinburgh. Farasi 3,300 ndani ya tani kama 100. Kampuni hiyohiyo muda si mrefu nyuma ilikuwa inauza kichwa kingine cha dizeli, Class 40, farasi 2,000 kwenye tani 133, sasa wewe linganisha mwenyewe. Siri ilikuwa injini iliyotoka kwenye boti za kivita, silinda 18 zimepangwa pembetatu, pistoni 36, krankshafti tatu, nyepesi ajabu kwa nguvu inayotoa. Kwa hiyo mtu akisema ingeongezwa turbo tukapata mnyama wa farasi 4,400, haoti ndoto, injini zenye turbo zilikuwepo tayari.

Halafu kuna hoja ya usiku, ambayo naona haipewi uzito wake. Kichwa cha kujitegemea kinavuta abiria mchana, giza likiingia unakifunga kwenye treni ya vitanda au ya barua, hakilali. Treni yenye vichwa vilivyofungwa kwenye mabehewa yake ikimaliza safari ya mwisho inakwenda kupaki hadi asubuhi, hela yote ile imekaa tu. Deltic zilipoondoka mwanzoni mwa 1982, treni za usiku za njia ile ziliachiwa akina Class 47 ambao mwisho wao ni maili 95 kwa saa.

Na wengine wanaenda mbali zaidi wanasema mbona wenzetu wameweza. Wewe unayepanda Madaraka Express toka Nairobi hadi Mombasa unavutwa na dizeli ya Kichina aina ya DF11, ambayo kwao ilibuniwa kukimbia kilomita 170 kwa saa ikiwa na tani kama 23 kwa ekseli, ingawa Kenya inavuta kwa 120. Kwa hiyo uzito peke yake haukatazi spidi. Sawa, nakubali, ila reli gani?

Hapa ndipo watu wanapita haraka. Uingereza ya miaka ya 60 sehemu kubwa ya reli bado ilikuwa ya vipande vilivyoungwa, na kwenye kila kiungo baada ya muda panabonyea. Gurudumu likifika pale linapiga mara mbili, kipigo cha kwanza ni kifupi kinaishia kwenye chuma, cha pili kinashuka mpaka kwenye mataruma na kokoto, na hicho cha pili ndicho kinachoua njia. Ukubwa wake unategemea spidi na ule uzito usiobebwa na springi, yaani gurudumu, ekseli, na chochote ulichokiegemeza juu ya ekseli. Kwenye Deltic injini ya dizeli ilikuwa inazalisha umeme tu, mota za umeme ndizo zinazungusha magurudumu, na zilikuwa zimeegemea ekseli moja kwa moja, kwa hiyo kila kiungo kinakula gurudumu pamoja na sehemu ya mota.

Sasa British Rail walipokuja kuweka kikomo cha hicho kipigo cha pili unajua walichukua nini kama kipimo? Deltic yenyewe. Deltic ikipita kwa maili 100 kwa saa juu ya kiungo kilichobonyea vibaya, kilonyutoni 322 kwa gurudumu moja, basi, mwisho hapo. Gurudumu hilohilo treni ikiwa imesimama linabeba tani 8 na kitu. 322 ni kama tani 33. Mara nne! Yaani ile mashine ambayo watu wanasema ilitakiwa iongezewe nguvu, kwa wenye reli ilikuwa ndiyo ukuta.

Piga hesabu kidogo uone. Katika hizo 322, kama 82 ni uzito wa kawaida na 240 zilizobaki zinaletwa na mwendo, na kwenye fomula yao sehemu ya mwendo inapanda sambamba na spidi. Ipeleke Deltic ileile kwenye maili 125, 240 inakuwa 300, jumlisha 82 unapata 382. Umevuka kikomo kwa karibu asilimia 19 na hujaongeza hata farasi mmoja. Super Deltic ingekuja na farasi 1,100 zaidi na mota za kuzimeza hizo nguvu, na mota yenye nguvu zaidi kwa kawaida haipungui uzito.

Mtu atasema kikomo hicho kiliandikwa baadaye. Kweli, hilo sibishi. Lakini uharibifu haukusubiri kuandikwa. Njia ya West Coast, ile ya London kwenda Glasgow, ilipowekewa umeme, vichwa vya umeme vya AL6 vyenye mota juu ya ekseli vikaanza kukimbia maili 100, na mafundi wa njia wakaona reli inachakaa kwa namna ambayo hawakuitegemea, ikabidi vichwa vibadilishiwe springi. Halafu tarehe 5 Novemba 1967 reli ikakatika kwenye kiungo pale Hither Green, watu 49 wakafa. Ile haikuwa treni ya kichwa kizito, ilikuwa treni ya dizeli ya njia ya Hastings, kwa hiyo simsingizii mtu, ila baada ya siku ile nani angesimama kwenye kikao akaomba kipigo kiongezwe?

Kuna anayejibu kwamba mota zingehamishwa tu zikaning'inizwa kwenye fremu ya bogi, yaani kigari kinachoshika magurudumu chini ya kichwa. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote na ni ya kiufundi kweli. Ila ukishabuni bogi mpya na namna mpya ya kupeleka nguvu kwenye gurudumu, ule urahisi wa kuendeleza kitu kilichopo, ambao ndio ulikuwa mtaji wa pendekezo lenyewe, umeshaondoka. Na kuna waliojaribu njia ya kichwa kimoja chenye nguvu, kampuni ya Brush, wakajenga Kestrel mwaka 1967, farasi 4,000, kilichobuniwa kwa maili 125. Tani 133 juu ya ekseli sita. Kikaishia kuvuta makaa ya mawe, na 1971 kikauzwa Urusi ya Kisovieti.

Ndipo unaelewa alichofanya Terry Miller, injinia mkuu wao wa vichwa na mabehewa, timu yake ilipoanza HST, ile treni ya plastiki yenye vichwa viwili, mwaka 1970. Kila kichwa farasi 2,250, viwili jumla 4,500. Hebu irudie hiyo namba, ni nguvu ileile ya Super Deltic na zaidi kidogo, ila imebebwa kwa mzegazega, mmoja mbele mmoja nyuma, tani 70 kila upande, tani 17.5 kwa ekseli, na mota hazijaegemea ekseli. Mwaka 1973 ya majaribio ikagonga maili 143 kwa saa, na hiyo ni baada ya mvutano na chama cha madereva cha ASLEF kuhusu kibanda chenye kiti kimoja cha dereva katikati (mvutano ambao kusema kweli uliwachelewesha kuliko injini). Mwaka 1976 ikabeba abiria kwa 125. Injini zake za Valenta nazo zilisumbua, tusijifanye ilikuwa malaika, lakini hazikuwa na pistoni 36 kila moja.

Kinachobaki kwa wanaolia ni kwamba kichwa kimoja kwa maili 125 kiliwezekana. Class 91 ya 1988 ilithibitisha, tani 84 kwenye ekseli nne, tani 21 kila ekseli, mota zimebebwa na bodi. Tatizo ile ni ya umeme, haibebi injini wala tenki la mafuta. Kwa dizeli, HST iliendelea kutoka stesheni ya Paddington, London, kwenda magharibi hadi 2019.